Hapana, Amelia hakuwa wa kwanza: mambo ninayosikia kila siku ya wanawake na anga

Kila mwaka makumbusho ya ndege yakifanya ile siku ya wanawake na anga, milango wazi kwa jamii nzima, watoto wanakunja ndege za karatasi, marubani wa kike wanakuja na sare zao kupiga stori, mimi huwa nimesimama pale kwenye ndege kongwe najibu maswali, ndio kazi yangu. Na kila mwaka, kabla hata sijamaliza kubandika beji yangu, anatokea mzee mmoja na familia yake, ananyoosha kidole kwenye bango lolote lenye picha ya mwanamke aliyevaa kofia ya ngozi na miwani mikubwa, anawaambia wanawe kwa sauti ya mtu asiye na shaka: "Huyu ndio Amelia Earhart, mwanamke wa kwanza kurusha ndege." Mara ya mwisho picha yenyewe ilikuwa ya Bessie Coleman. Mwanamke mweusi kabisa, na jina lake limeandikwa pale chini kwa herufi kubwa. Nikameza mate.

Sasa leo tulimalize hili.

Amelia alipata leseni ya kimataifa mwaka 1923. Mwanamke wa kwanza duniani kupata leseni ya urubani ni Mfaransa, Raymonde de Laroche, tarehe 8 Machi 1910, leseni namba 36 ya klabu ya anga ya Ufaransa, na siku hiyo Amelia alikuwa binti wa miaka 12 tu. Mmarekani wa kwanza naye si Amelia, ni Harriet Quimby, mwaka 1911, ambaye Aprili 16, 1912 akavuka mkono wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa peke yake, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo, halafu bahati mbaya iliyoje, Titanic ilikuwa imezama jana yake tu kwa hiyo magazeti hayakuwa na habari naye. Miezi miwili na nusu baadaye akafariki kwenye ajali ya ndege. Na tukisema kuruka tu, sio kwa injini, inabidi turudi nyuma mpaka mwaka 1784, Lyon, Élisabeth Thible akiwa kwenye puto la hewa moto. Baada yake akaja Sophie Blanchard, yeye kuruka na puto ndio ilikuwa kazi yake ya kula, analipwa, mpaka mwaka 1819 fataki alizokuwa anarusha angani juu ya Paris zikawasha gesi ya puto lake akaanguka akafa. Huyo Amelia bado miaka 78 azaliwe!

Watu wakisikia hivi wanadhani namchukia Amelia. Simchukii hata kidogo. Mei 1932 alivuka Atlantiki peke yake, kutoka Harbour Grace kule Newfoundland mpaka kwenye malisho ya ng'ombe Ireland ya Kaskazini, karibu saa 15, barafu kwenye mabawa, bomba la moshi la injini limepasuka linatoa moto, mafuta yanavuja ndani ya chumba cha rubani. Hapo ndio alikuwa mwanamke wa kwanza, na binadamu wa pili tu kuivuka Atlantiki ya Kaskazini peke yake, baada ya rubani Mmarekani Charles Lindbergh. Lakini ile safari ya 1928 iliyompa umaarufu, aliivuka bahari kama abiria, ndege ilirushwa na wanaume wawili, na mwenyewe alikiri wazi kwamba alikuwa mzigo tu kama gunia la viazi. Mnaona? Yeye mwenyewe alikuwa mkweli kuliko mashabiki wake. Kwa hiyo ushauri wangu wa siku zote, mtu akikwambia "wa kwanza", muulize wa kwanza kufanya nini. Wa kwanza kuruka, kupata leseni, kuvuka nini, akiwa peke yake au na wenzake? Hilo swali moja lingeniokolea nusu ya siku.

Nusu nyingine inaliwa na mdogo wake huyo uongo, eti Amelia, aliyepotea na ndege yake kwenye Pasifiki akijaribu kuizunguka dunia, "alipotea kwa sababu wanawake hawajui kusoma ramani". Hii huwa inasemwa kwa kicheko, mara nyingi mbele ya mabinti waliokuja kusikia kinyume chake, na hapo ndio sura yangu inabadilika. Kwanza kabisa, mwenye kazi ya ramani na hesabu za njia kwenye ile ndege alikuwa mwanaume, Fred Noonan, na si mwanaume wa kuokota, alikuwa mmoja wa watu wenye uzoefu mkubwa wa njia za Pasifiki wakati ule. Pili, angalieni kitu chenyewe walichokuwa wanakitafuta. Julai 2, 1937 waliondoka Lae, New Guinea, wanaelekea kisiwa cha Howland, zaidi ya kilomita 4,000 za maji matupu, na kisiwa chenyewe urefu haufiki kilomita 3, upana haufiki hata kilomita 1, tambarare kama mkeka. Wingu moja tu likitupa kivuli baharini unaweza kudhani ni kisiwa. Meli ya walinzi wa pwani wa Marekani ilikuwa inawasubiri pale, ikawa inamsikia Amelia kwenye redio vizuri kabisa, karibu kabisa, lakini yeye hawasikii wanapomjibu kwa sauti. Ni tatizo la redio na masafa na maandalizi, mambo ambayo yamewaua wanaume wengi tu na hakuna aliyesema ni kwa sababu ya ndevu zao.

Na kile alichokuwa anakifanya, kuzunguka dunia, mwanamke alikuja kukifanya peke yake, 1964, anaitwa Jerrie Mock, mama wa watoto watatu kutoka Ohio, na Cessna ya injini moja, siku 29. Njiani alitua kimakosa kwenye kambi ya jeshi Misri akidhani ni uwanja wa Cairo, akazungukwa na askari wenye bunduki, mambo yakanyooshwa akaendelea na safari yake. Alirudi nyumbani mzima. Ndio shida yenyewe hiyo nadhani, alirudi. Wageni mia wanaonipitia, wanaomjua Jerrie sidhani kama wanafika wawili. Anayepotea anatengenezewa hadithi, anayerudi anawekewa kibandiko kidogo ukutani, na hicho kibandiko hakuna anayekisoma. Nyie someni vibandiko jamani, mtu kakaa wiki mbili anapunguza maneno pale.

Turudi kwa Bessie, maana yule mzee nilimrudisha kwenye lile bango. Bessie Coleman alikuwa anatengeneza kucha za wateja kwenye kinyozi Chicago. Shule za urubani Marekani zikamkataa, mweusi halafu mwanamke, basi akajifunza Kifaransa, akapanda meli, akasomea Le Crotoy, na Juni 15, 1921 akapata leseni ya kimataifa. Hesabu hapo, ni karibu miaka miwili kabla ya ile ya Amelia. Akarudi anafanya maonyesho ya angani, na alikuwa na msimamo, sehemu wanayowabagua weusi mlangoni harushi ndege. Alikufa Aprili 1926 Jacksonville, ndege ilikuwa inaendeshwa na fundi wake, yeye hajafunga mkanda kwa sababu alikuwa anachungulia chini kutafuta pa kurukia na parachuti kesho yake, spana iliyoachwa ovyo ikanasa kwenye mitambo ya kuongozea, ndege ikapinduka. Mtoto mmoja wa yule mzee akauliza, "Spana tu?" Spana tu mwanangu. Ndio maana ukienda karakana ya ndege unakuta vifaa vinahesabiwa vikitoka na vinahesabiwa vikirudi.

Mengine niyapitie haraka haraka.

"Hii siku ni ya wanawake na wasichana." Hapana, leteni na wavulana. Tena hao ndio nawataka zaidi, maana wengi wanaofika wanasubiri nje na baba zao wanachezea simu kana kwamba ndani kuna saluni.

"Tarehe 8 Machi iliwekwa kwa heshima ya de Laroche." Sio kweli, zimegongana tu. Siku ya wanawake imetoka kwenye harakati za wanawake wafanyakazi. Watu wa anga ndio wameupenda huo mgongano na wanafanya sherehe zao wiki hiyo, nami siwalaumu, ni tarehe tamu.

"Wanawake wa enzi za vita walikuwa wanasaidiasaidia tu." Hili linaniuma. Marekani, marubani wa WASP, kikosi cha wanawake waliorushia jeshi ndege vita vya pili vya dunia, walikuwa 1,074 waliohitimu, wanasafirisha ndege za kivita kutoka viwandani, wanavuta shabaha angani huku askari wanaojifunza wanazipiga risasi za kweli. 38 walikufa. Na kwa kuwa walihesabiwa raia, jeshi halikugharamia hata kurudisha miili, wenzao walikuwa wanachangishana. Kutambuliwa kama maveterani, ni mpaka 1977. Upande wa Urusi walikwenda vitani kabisa, wale ambao Wajerumani waliwaita Wachawi wa Usiku, na ndege za mbao na turubai, muda mrefu bila hata parachuti, wanapunguza injini wanateleza kimya kimya mpaka juu ya adui. Kusaidiasaidia huko.

"Mwili wa mwanamke haukuwa tayari kwa anga za juu." Mwanzoni mwa miaka ya 60 kuna wanawake 13 Marekani walipewa vipimo vile vile vya daktari vya wanaanga wa kwanza, wakafaulu, na mpango ukafutwa. Sharti lilikuwa uwe rubani wa majaribio wa ndege za jeti, kazi ambayo mwanamke alikuwa haruhusiwi kuifanya. Umeelewa huo mtego? Wakati huo huo Valentina Tereshkova, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, Juni 1963 akaizunguka dunia mara 48 peke yake. Mmoja wa wale 13, Wally Funk, alifika juu 2021 akiwa na miaka 82.

Halafu kuna hii ya "sawa waliruka, ila waliobuni na kutengeneza ni wanaume", na hapa ndio kwenye meza yangu ninayoipenda kuliko zote. Siku ile watoto wote wanapanga foleni kuingia chumba cha rubani, foleni ndefu hatari, mimi kwenye kona yangu nina washa. Washa ya kawaida, ile ya kuweka kwenye bolti, nimeitoboa tundu dogo. Namwekea mtoto kiganjani, namuuliza hii inaweza kuokoa ndege ya vita? Wanacheka. Basi nawaambia, mwanzoni mwa vita vya pili vya dunia ndege za Uingereza za Spitfire na Hurricane zilikuwa na ugonjwa, rubani akiinamisha pua ghafla kumfukuza adui, mafuta yanarushwa juu ndani ya kabureta, injini inakohoa, inajaa mafuta, inazima kwa muda. Ndege za Wajerumani hazina shida hiyo kwa sababu zinapulizia mafuta moja kwa moja, kwa hiyo wao wakiona wamebanwa wanainama tu wanaondoka zao. Injinia mmoja, Beatrice Shilling, akaja na kijibati chenye tundu lililopimwa, kinapitisha mafuta ya kutosha injini ikiwa kwenye nguvu zote na hayazidi hapo, na kinafungwa bila kuitoa ndege kazini. Mwaka 1941 yeye na timu yake wakazunguka kambi kwa kambi wanavifunga. Huyo mama pia alikuwa anashindana mbio za pikipiki, lakini hilo nalitoa mwisho maana nikianza nalo washa inasahaulika.

Na kama hiyo haitoshi kuna Lilian Bland, Ireland, mwaka 1910, alijitengenezea ndege yake mwenyewe. Injini ilifika tangi la mafuta halijafika, na yeye hana subira, akachukua chupa tupu ya wiski na ile tarumbeta ya kusikilizia ya shangazi yake aliyekuwa na uziwi, akazifanya tangi na mrija, injini ikawaka. Ndege yenyewe haipo leo, ndio maana hutaiona kwenye makumbusho yoyote, na watu wanafanya kosa la kudhani kisichokuwa nyuma ya kioo hakikuwahi kutokea. Kinachobaki ni kile kilichokuwa maarufu au kilichokuwa na mwenye hela ya kukitunza. Vega nyekundu ya Amelia, ile ndege aliyovukia Atlantiki peke yake, ipo Washington, ile Jason ya Amy Johnson aliyoirusha peke yake kutoka Uingereza mpaka Australia 1930 ipo London. Lotfia El Nadi wa Misri, aliyepokea simu kwenye shule ya urubani ili alipie masomo yake hapo hapo, akapata leseni 1933, mwanamke wa kwanza Mmisri, nyuma ya kioo changu hana hata kifungo cha koti. Kwa hiyo nasimama pale nasimulia kwa mdomo.

La mwisho ni "siku hizi wako sawa, ya nini kusherehekea". Marubani wa mashirika ya ndege duniani, wanawake ni kama watano tu kwa kila mia. Ukiondoa India, ambako wanazidi kumi na wawili, picha ni ile ile karibu kila mahali. Basi ngoja nisherehekee kidogo.

Kwa hiyo ukija, anza na meza ya washa, foleni ya chumba cha rubani itapungua yenyewe baadaye. Kaa na binti aliyevaa sare umuulize kuhusu hali ya hewa na mafuta na kutua usiku, sio kuhusu mume wake anasemaje. Ukinikuta mimi niulize chochote, isipokuwa lile moja, maana najua bado unalo hapo mdomoni tangu mwanzo.

Hapana. Hajapatikana.