Yoga si kujikunja: dhana potofu na ukweli wake

Kila ninapomkaribisha mtu kwenye yoga, jibu huwa lilelile: "Mimi siwezi, mwili wangu mgumu." Nimelisikia kwa mwalimu mstaafu, kwa dereva wa bodaboda, hata kwa vijana wa miaka 20. Linaniuma kuliko mengine yote, maana linawafungia mlango walewale ambao yoga ingewafaa.

"Yoga ni ya wenye viungo laini"

Patanjali, anayetajwa kuwa mtunzi wa Yoga Sutra, kitabu cha kale cha misingi ya yoga, aliuzungumzia mkao wa mwili kwa vifungu 3 tu kati ya karibu 200. Alichodai ni kwamba mkao uwe imara na uwe wa raha. Hakutaja kugusa vidole vya miguu wala kusimama kwa kichwa. Tena mkao kwake ni hatua ya tatu kati ya nane. Mbili zinazoutangulia ni za mwenendo: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, usafi, kuridhika na ulichonacho. Baada ya mkao hufuata pumzi, kisha kuituliza milango ya fahamu, kuikusanya akili mahali pamoja, kutafakari, na mwisho ule utulivu uitwao samadhi.

Neno lenyewe ni la Kisanskriti, kutoka mzizi *yuj*, yaani kufunga nira. Waliolima kwa maksai wanaijua nira: ule mti wa shingoni unaowafanya wawili wavute plau kwa pamoja, asiwepo wa kukimbilia majani ya pembeni. Akili zetu nazo hukimbilia majani hayo siku nzima.

Jaribu hivi. Lala chali kwenye mkeka, kunja magoti, nyayo zikanyage chini. Weka kiganja kimoja kifuani na kingine chini ya kitovu. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, kiganja cha tumboni kiinuke na cha kifuani kitulie. Itoe taratibu ukihesabu hadi 6. Wengi wetu mara ya kwanza huinua kifua peke yake, na mabega hufuata mpaka karibu na masikio. Mama mmoja jirani yangu, goti lake halikunji, aliifanya pumzi hii akiwa kwenye kiti cha plastiki barazani. Ile ilikuwa yoga kamili, haikupungukiwa kitu.

"Mikao yote ina maelfu ya miaka"

Hapa hata walimu huteleza. Chimbuko ni la kale kweli. Katha Upanishad, andiko la Kihindu lililotungwa India kabla ya Kristo, tayari inaieleza yoga kuwa ni kuzishika hisi zikatulia. Lakini Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha yoga cha karne ya 15, kinafafanua mikao 15 tu, mingi yake ya kuketi. Huu mfululizo wa kusimama, kuinama na kuruka tunaouona madarasani ulipata sehemu kubwa ya sura yake miaka ya 1930 huko Mysore, kusini mwa India, mwalimu wa yoga Krishnamacharya alipokuwa akifundisha wavulana katika kasri la maharaja, yaani mfalme wa huko. Sioni aibu yoyote katika upya huo. Mapokeo yaliyo hai hukua.

"Ni mambo ya wanawake"

Kwa karne nyingi ilikuwa ya wanaume. Krishnamacharya huyohuyo mwanzoni alimkataa Indra Devi, mwanamke mzaliwa wa Riga, Latvia, ndipo baadaye akakubali kumfundisha. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mama huyo akafungua darasa lake Hollywood, Marekani.

"Ukifanya yoga umebadili dini"

Swali hili ni la haki, na kulijibu kwa "ni mazoezi tu" si uaminifu. Yoga ililelewa na Wahindu, Wabudha na Wajaini, na yapo madarasa yanayofunguliwa kwa kuimba Om, sauti takatifu katika dini hizo. Waumini wenyewe hawajaafikiana: mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia liliikataza kwa Waislamu, na mwaka 2017 Saudi Arabia ikaitambua kuwa mchezo. Ninavyoona mimi, muulize mwalimu mapema kinachoimbwa na maana yake, zungumza na shehe au padri wako, na pale dhamiri inapokataa, nyamaza. Pumzi na mkao vitakufaa vilevile.

"Inaponya kila kitu, tena haidhuru"

Chama cha madaktari wa tiba cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2017, kiliitaja yoga miongoni mwa njia za kujaribu kabla ya dawa kwa maumivu sugu ya kiuno. Hilo ni jambo kubwa. Lakini usiache dawa za kisukari wala za presha kwa sababu ya mkao wowote. Na mwenye glakoma (ugonjwa wa presha ya macho), presha ya damu isiyotulia au shingo mbovu asisimame kwa kichwa.

Nayasema haya nikiwa nimeumia. Mwalimu mmoja alinisukuma miguu juu kabla mabega yangu hayajapata nguvu, nikasikia mchomo shingoni na ganzi ikashuka mkononi. Msuli unaovutika huleta joto, nalo halina neno. Mchomo na ganzi ni amri ya kutoka kwenye mkao, polepole. Mimi niliona haya, nikavumilia. Kwa wiki kadhaa sikuweza kugeuka kutazama nyuma, na yoga pekee niliyoiweza ilikuwa kulala chali, viganja viwili mwilini, nikihesabu 4 na 6.