Kigeu cha jumla ndani ya fanksheni: kukisoma si kosa, kukibadilisha ndiko kwenye taabu

Kigeu ni jina ulilolipa thamani ndani ya programu. Ukilianzisha ndani ya fanksheni (kipande cha programu chenye jina, kinachofanya kazi yake kikiitwa), linajulikana humo tu, na fanksheni ikimaliza kazi yake linatoweka. Hicho ni kigeu cha ndani. Ukilianzisha nje ya fanksheni zote, katika lugha ya Python kila fanksheni kwenye faili hilo inaliona. Hicho ndicho kigeu cha jumla.

Fikiria daftari la duka lililoachwa wazi kaunta, na wauzaji wanne wanaliandika. Jioni hesabu haikubaliani na pesa za droo, na hakuna ajuaye ni nani aliyekosea. Kigeu cha jumla kinachobadilishwa na fanksheni nyingi huleta tabu hiyohiyo: thamani imeharibika, na inabidi usome programu nzima kumtafuta aliyeiharibu. Jambo hili si geni. Wanasayansi wa kompyuta William Wulf na Mary Shaw walionya juu yake tangu 1973.

Kusoma tu hakuna ubaya, hasa thamani isiyobadilika programu ikiwa inaendelea. Kenya ilishusha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kutoka asilimia 16 hadi 14 mwezi Aprili 2020, kisha ikairudisha 16 Januari 2021. Aliyekuwa ameandika `KIWANGO_VAT = 0.16` mara moja juu ya faili alibadilisha mstari mmoja. Aliyetawanya 0.16 ndani ya kila fanksheni alikuwa na kazi ya kuwinda. Herufi kubwa ni desturi ya waandishi wa Python kusema "hii usiiguse". Lugha yenyewe haitakuzuia.

Sasa tazama mahali ambapo wanafunzi wengi wa Python hukwama:

```
jumla = 0

def ongeza(bei):
    jumla = jumla + bei

ongeza(500)
```

Ukiiendesha unapata `UnboundLocalError`. Unashangaa, kwa sababu `jumla` ipo pale juu, unaiona kwa macho. Sababu ni hii: kabla fanksheni haijaanza kufanya kazi, Python imekwisha kupitia mistari yake yote. Ikikuta jina linapewa thamani popote humo, inalihesabu kuwa kigeu cha ndani kwa fanksheni nzima. Kwa hiyo `jumla` ya upande wa kulia ni ile ya ndani, ambayo bado haina kitu.

Ukiongeza mstari `global jumla` mwanzoni mwa fanksheni, kosa linaondoka. Wengi huishia hapo, na mimi nawasihi wasiishie hapo. Fanksheni hiyo sasa ukiiita mara mbili kwa bei ileile, inaacha matokeo mawili tofauti, na kila ukitaka kuijaribu lazima kwanza urudishe `jumla` kuwa sifuri. Ipe inachohitaji kupitia mabano, nayo irudishe jibu:

```
def ongeza(jumla, bei):
    return jumla + bei

jumla = ongeza(jumla, 500)
```

Anayesoma mstari wa mwisho anaona wazi nini kimeingia na nini kimetoka, bila kufungua fanksheni yenyewe.

Kuna mtego mwingine unaonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa hautoi kosa lolote. Kama `mauzo` ni orodha ya jumla, fanksheni inaweza kuandika `mauzo.append(bei)` bila neno `global`, na orodha ikabadilika kimyakimya. Hapo jina halikupewa thamani mpya. Kilichobadilika ni vilivyomo ndani yake.

Lugha nyingine zina tabia zake. PHP haioni kabisa kigeu cha jumla ndani ya fanksheni mpaka ukiombe, kwa mfano kwa `global`. JavaScript ni kinyume: ukisahau `let` au `const`, maneno ya kutangaza kigeu, inakuundia kigeu cha jumla bila kukuambia, isipokuwa umeweka `"use strict"`, ulinzi ulioingia katika toleo la 2009.

Zipo hali ambapo fanksheni kadhaa kweli zinahitaji kumbukumbu moja, mfano hesabu ya mauzo ya siku. Hapo iweke kwenye klasi, pamoja na fanksheni zake zenye ruhusa ya kuigusa. Na kama programu ni ndogo na umeamua kubaki na `global`, basi fanksheni moja tu iwe na haki ya kuandika, nyingine zote zisome.