Ugonjwa mmoja, ED mbili: kwa nini madaktari hutofautiana?

Mimi na mwenzangu wa kiwandani tuliugua malaria wiki moja. Yeye alipewa ED ya siku 5, mimi kwenye zahanati nyingine nikapewa siku 2. Je, nimeonewa?

Huenda hukuonewa. ED, ile karatasi inayomweleza mwajiri kwamba hufai kazini kwa siku kadhaa, haiangalii ugonjwa peke yake. Inaangalia ugonjwa pamoja na kazi. Malaria isiyo kali hutibiwa kwa dawa mseto kwa siku 3, na wengi homa huwashuka ndani ya siku hizo. Karani anaweza kurudi mezani kwake mapema. Dereva wa lori, au fundi anayepanda jukwaa la ujenzi, akirudi na kizunguzungu anahatarisha maisha yake na ya wengine. Sitawatetea tabibu wenzangu kupita kiasi, hata hivyo, kwa sababu zipo tofauti zinazotoka kwetu sisi wenyewe.

Zinatokaje kwenu?

Malaria ina kipimo. Mgongo unaouma hadi mtu ashindwe kuinama hauna kipimo kama hicho, wala uchovu, wala usingizi uliopotea baada ya msiba. Hapo tunategemea maelezo yako. Kuna daktari anayemwamini kila mgonjwa, na kuna aliyewahi kudanganywa akawa mgumu kwa wote. Mwingine ana foleni ndefu mlangoni, na kuandika siku 3 ni kwepesi kuliko kukaa na mgonjwa kumweleza kwa nini hazihitaji. Daktari wa kliniki ya kampuni analipwa na mwajiri. Wa hospitali binafsi anapenda mteja arudi. Mivutano hiyo ipo, hata kwa mtu mwadilifu.

Kisha kuna mazoea ya zamani. Wengi wetu tulizoea kumwambia mwenye mgongo akalale. Leo inajulikana kwamba kwa maumivu ya kawaida ya mgongo, kulala kitandani siku nyingi huchelewesha kupona, na anayetembea na kujishughulisha kwa kadiri hupona mapema zaidi. Daktari aliyeandika wiki 2 za kulala alikuhurumia, lakini hakukusaidia.

Tatizo hili si letu peke yetu. Kuanzia mwaka 2007 Sweden iliwawekea madaktari wake mwongozo wa kitaifa wenye muda unaopendekezwa kwa magonjwa mbalimbali. Uingereza ilibadilisha cheti chake mwaka 2010, daktari akapewa nafasi ya kuandika kwamba mtu anaweza kufanya kazi iwapo majukumu yake yatarekebishwa.

Nifanye nini nipate siku zinazonistahili?

Mweleze daktari kazi yako inavyofanyika. "Nafanya kazi hotelini" haitoshi. Mpokea wageni aliyeharisha anaweza kurudi akipata nguvu. Mpishi anapaswa kukaa mbali na chakula hadi saa 48 zipite tangu kuharisha kukome, hata kama anajisikia mzima. Aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri mara nyingi hurudi ofisini baada ya wiki 1 au 2, lakini kuli anayebeba magunia huhitaji wiki 4 hadi 6. Taja uzito unaobeba, saa unazosimama, zamu za usiku, mashine unazoendesha. Uliza pia kama kazi nyepesi inafaa. Tunasahau kuiandika, na ni hasara kubwa, maana humrudisha mtu kazini mapema bila kumwumiza.

Sheria inasemaje?

Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa hadi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Kenya ni siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu kila mwaka, baada ya miezi 2 kazini. Zote zinahitaji cheti cha tiba. Hapa Tanzania cheti kitoke kwa daktari aliyesajiliwa, au kwa mtoa tiba mwingine anayekubaliwa na mwajiri, na mwajiri haruhusiwi kumkataa bila sababu ya msingi.

Siku zimeisha na bado naumwa. Nijiongezee?

Hapana. Rudi hospitali kabla ED haijaisha, ikiwezekana kwa daktari yuleyule, kwa sababu anajua ulivyokuwa mwanzo. Ukija baada ya siku 4 za kukaa nyumbani, hatuwezi kuthibitisha hali ambayo hatukuiona, na anayekuandikia tarehe za nyuma anahatarisha ajira yako na leseni yake. Na kama ulimaliza dawa mseto lakini homa ipo, usije kwa ajili ya karatasi tu. Njoo upimwe upya siku hiyohiyo.