Je, wajua kwa nini mchezaji mmoja wa kikapu anaweza kuvaa jezi za timu 13?

Tarehe 24 Februari 2011, siku ya mwisho ya timu za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, kubadilishana wachezaji msimu ule, Memphis Grizzlies na Houston Rockets walimalizana. Memphis wakamtoa Hasheem Thabeet, wakamtoa DeMarre Carroll, wakaongeza na haki moja ya raundi ya kwanza ya drafti, yaani zoezi la kila mwaka ambalo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Houston wakamtoa Shane Battier pamoja na kijana mfupi aitwaye Ish Smith. Kwa sisi wa huku Afrika Mashariki habari ilikuwa moja tu, Thabeet kuhama. Kwa Wamarekani habari ilikuwa Battier, mkongwe aliyejulikana kwa kukaba. Smith alikuwa kama nyanya ya nyongeza: imo kwenye fungu, ila hakuna aliyekuja sokoni kwa ajili yake.

Sasa tazama walikoishia. Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, alikuwa amechaguliwa wa pili katika drafti ya 2009. Mbele yake alikuwa Blake Griffin peke yake. Nyuma yake alifuata James Harden, na Stephen Curry alisubiri mpaka nafasi ya saba. Mechi yake ya mwisho ya NBA aliicheza mwaka 2014. Smith hakuchaguliwa na mtu. Drafti ya 2010 ilitaja majina 60, jina lake halikuwemo. Lakini ndiye aliyedumu, na mwaka 2022 alipoichezea Denver Nuggets kwa mara ya kwanza akaweka rekodi ya ligi nzima: mchezaji aliyekipiga katika timu nyingi kuliko wote, timu 13 kati ya 30.

Mtu hufikaje timu 13? Wengi wetu tukisikia hivyo tunadhani ni mchezaji mbovu, kila anakotua anatemwa. Mimi nasema ni kinyume. Mchezaji mbovu hutemwa mara moja au mbili, basi, simu haiiti tena. Kutemwa mara kadhaa kunamaanisha kuna mtu mwingine kila mara alikuwa tayari kukuokota.

Kwanza tuelewe soko lenyewe, maana halifanani na la soka. Katika soka klabu mbili zikishakubaliana bei, bado mchezaji anaweza kusema siendi. NBA hakuna. Kinachohamishwa ni mkataba, na mchezaji anaufuata kama mkia unavyomfuata ng'ombe. Anapigiwa simu, mara nyingi na wakala wake, anaambiwa kesho uko mji fulani. Anachotakiwa ni kwenda kupimwa afya. Akishindwa vipimo, mpango mzima unaweza kuvunjika. Kuna kipengele cha kumruhusu mchezaji kukataa, lakini ili ukiombe kwenye mkataba lazima uwe umecheza ligi hiyo misimu minane, minne kati yake katika timu hiyohiyo. Kwa maneno mengine, haki ya kukataa kuhamishwa anaweza kuipata yule ambaye tayari hahamishwihamishwi.

Jambo la pili, timu hainunui mchezaji kwa fungu la pesa kama Ulaya wanavyofanya kwenye soka. Mtu hubadilishwa na mtu, au na haki ya kuchagua katika drafti, na timu iliyovuka kikomo cha mishahara kilichowekwa na ligi inalazimika kuhakikisha mishahara inayotoka inakaribiana na inayoingia. Hapo ndipo majina ya pembeni yanapoingizwa. Hesabu zimepungua kidogo? Ongeza Smith. Februari 2013 Orlando Magic walipomtoa mlenga shabaha wao J.J. Redick kwenda Milwaukee Bucks, Smith alikuwemo kwenye fungu tena. Miezi sita baadaye Milwaukee wakamtaka Caron Butler kutoka Phoenix Suns, na mmoja wa waliotolewa alikuwa, naam, Ish Smith.

Yapo mengine yanayotokea bila hata kugusa mpira. Februari 2015 Oklahoma City Thunder walimpeleka New Orleans Pelicans. New Orleans wakamwacha papo hapo. Philadelphia 76ers wakamchukua. Msimu uliofuata akasaini New Orleans kweli, akacheza, na mkesha wa Krismasi 2015 Philadelphia wakamrudisha kwao kwa kutoa haki mbili za raundi ya pili. Watu waliwacheka. Timu ilikuwa imeshinda mechi moja na kupoteza 30, mchezeshaji wa akiba angewafaa nini? Siku mbili baada ya mpango huo walisafiri hadi Phoenix na Smith akiwa uwanjani, wakashinda. Wakawa na ushindi wa pili. Msimu waliumaliza na ushindi kumi tu, kwa hiyo tusiseme aliwaokoa, lakini vijana wale walau walipata mtu wa kuwafikishia mpira mahali ulipotakiwa.

Na hilo ndilo jibu la nusu ya swali letu. Smith ana urefu wa mita 1.83 hivi, ukimsimamisha kando ya Thabeet, kichwa chake kinagota begani. Hakuwa mlengaji mzuri wa pointi tatu. Alikuwa na miguu. Akishika ribaundi, yaani mpira uliokosa goli ukarudi, chini ya goli lake, kabla mabeki hawajageuka vizuri ameshavuka mstari wa kati, na pasi imeshatoka. Kila timu inahitaji mtu wa namna hiyo kwa dakika 12 au 15, zile ambazo mchezeshaji mkuu yuko kwenye benchi anakunywa maji. Tena timu humhitaji ghafla, mtu anapoumia kifundo cha mguu katikati ya Januari. Wakati huo kocha hana muda wa kufundisha. Kila timu ina majina yake ya mipango: ngumi iliyoinuliwa kwa kocha huyu ina maana moja, kwa yule ina maana nyingine kabisa. Anayeweza kuyameza majina hayo yote ndani ya siku mbili na kuwapanga wenzake asiowajua vizuri, huyo ana kazi ya kudumu, hata kama haina makazi ya kudumu.

Nusu nyingine ya jibu iko kwenye makaratasi ya ligi. Kuanzia tarehe 5 Januari timu zinaruhusiwa kutoa mikataba ya siku kumi. Timu inaweza kumpa mchezaji huyohuyo miwili kwa msimu. Baada ya hapo inamsaini mpaka mwisho wa msimu au inamwacha. Zipo pia sheria zinazomlinda mkongwe wa bei nafuu. Kima cha chini cha mshahara hupanda kadiri misimu inavyoongezeka, kwa hiyo ungetegemea timu ziwakimbie wazee. Ligi ikaliona hilo. Mkongwe akisaini mkataba wa mwaka mmoja wa kima cha chini, timu inabeba gharama kana kwamba mtu huyo ana misimu miwili tu, kinachozidi kinalipwa na ligi. Mkongwe anakuwa bei ya kijana. Ila angalia sharti: mwaka mmoja. Mwaka ukiisha anafungasha tena.

Kisha kuna zile zinazoitwa haki za Bird, jina lililotokana na Larry Bird wa Boston Celtics. Mchezaji akimaliza misimu mitatu mfululizo bila kuachwa wala kuhamia kwingine kama mchezaji huru, timu yake inaruhusiwa kuvuka kikomo cha mishahara ili kumbakiza. Anayeruka kila kiangazi kwenda timu mpya huanza kuhesabu upya kila mara. Kwa hiyo kuhama kunazaa kuhama.

Joe Smith (hana undugu na Ish) anaijua vizuri habari hiyo. Huyu hakuwa nyongeza ya mtu. Ndiye aliyechaguliwa wa kwanza kabisa katika drafti ya 1995, mwaka ambao Kevin Garnett alikuwa wa tano. Minnesota Timberwolves walikubaliana naye kwa siri: asaini mikataba midogo ya mwaka mmoja mmoja mpaka haki za Bird zikamilike, kisha wammwagie mamilioni. Mwaka 2000 ligi ikaugundua mpango huo. Mkataba wake ukafutwa, timu ikatozwa faini ya dola milioni 3.5 na kunyang'anywa haki kadhaa za drafti za raundi ya kwanza, naye akaangukia Detroit. Alimaliza akiwa amechezea timu 12, akifungana na Chucky Brown, Jim Jackson na Tony Massenburg. Hiyo ndiyo rekodi aliyoivunja Ish. Massenburg ndiye ninayempenda zaidi katika kundi hilo: San Antonio Spurs walimchukua mwaka 1990, akazunguka Marekani, Kanada na Ulaya, kisha akarudi San Antonio na kutwaa nao ubingwa mwaka 2005.

Turudi kwa Thabeet, maana sipendi ionekane kama nasema hakuwa na kipaji. Chuoni Connecticut alikuwa ukuta. Mara mbili mfululizo, 2008 na 2009, alitajwa mlinzi bora wa Big East, ligi ya vyuo. Shida ni kwamba aliingia NBA mchezo ukiwa unahama chini ya miguu yake. Msimu wake wa kwanza timu moja ilikuwa inatupa wastani wa mitupo 18 ya pointi tatu kwa mechi. Ilipofika 2022-23 ilikuwa imefika 34. Senta wa kusimama chini ya goli na kuzuia akawa anavutwa nje kuwafuata warefu wanaotupa kutoka mbali, na mtu wa mita 2.21 kugeuka na kukimbia huko nje si jambo dogo. Zaidi ya hapo alikuja na bei. Aliyechaguliwa wa pili hulipwa kama wa pili, na watu humpima kwa kipimo hicho; asipotimiza, hakuna anayesema "basi awe wa akiba". Memphis walimshusha ligi ndogo, kwa Dakota Wizards, katika msimu wake wa kwanza tu. Houston walimtumia mara chache tu, wakampeleka Portland Trail Blazers. Oklahoma City akakaa misimu miwili, mara nyingi akisugua benchi. Mwaka 2014 akapelekwa Philadelphia, ambao walimwacha kabla ya msimu kuanza. Baadaye alikwenda Yokohama, Japani, kisha Taiwan, na huko akapata kile alichokikosa Marekani, yaani dakika za kucheza.

Kumbe wawili hawa wamepishana mlangoni mara nyingi: Houston, Memphis, Oklahoma City na hata Philadelphia. Smith alifika Oklahoma City miezi michache tu baada ya Thabeet kuondoka.

Msafara wa Smith nao ulikuwa na vituo vya kupumzika. Detroit Pistons walimpa mkataba wa miaka mitatu wa dola milioni 18 mwaka 2016, akakaa mpaka ulipoisha. Kisha Washington Wizards, kisha Charlotte Hornets, kisha Washington tena, na Julai 2022 akapelekwa Denver pamoja na Kentavious Caldwell-Pope. Caldwell-Pope ndiye aliyetakiwa. Smith, kwa mara nyingine, alikuwemo kwenye fungu. Dakika hakupata nyingi, lakini tarehe 12 Juni 2023 Denver waliwafunga Miami Heat katika mechi ya tano ya fainali, ukawa ubingwa wao wa kwanza tangu timu ianzishwe, na pete moja ya ubingwa ilikuwa yake.

Baada ya hapo akasaini tena Charlotte, mji aliozaliwa, akacheza msimu wa 2023-24. Kwa kuwa jezi hiyo alishawahi kuivaa, hesabu ilibaki 13.