Fundi, maziwa hayasafishi mapafu: maswali na majibu kuhusu vumbi la ujenzi na saratani

Kazi ya ujenzi inaleta saratani kweli?
Vumbi lake linaweza. Mchanga, kokoto, zege na vigae vina madini yaitwayo silika. Ukivikata vikavu, inatoka kama unga mwembamba usioonekana kwa macho, inashuka hadi ndani kabisa ya mapafu na kubaki huko. Taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani iliihesabu miongoni mwa visababishi vya saratani ya mapafu mwaka 1997. Asbesto, yaani madini ya nyuzinyuzi yaliyomo kwenye mapaa ya zamani, imo pia kwenye orodha hiyo, na ndiyo ninayoiogopa zaidi.

Nikimaliza kazi nakunywa maziwa. Si yanasafisha kifua?
Hapana. Maziwa yanakwenda tumboni, vumbi limekwenda mapafuni. Havikutani popote. Alinijia mgonjwa mmoja, fundi vigae, kope bado nyeupe kwa vumbi, pakiti ya maziwa imetuna kwenye mfuko wa ovaroli. Alikuwa amekohoa miezi saba: kila jioni maziwa, kila mwezi dawa ya kikohozi. Alipofungua leso nikaona damu.

Lakini fundi mkuu wetu amekunywa maziwa miaka 20 na ni mzima.
Saratani ya asbesto huchukua miaka 20, 30, hata 40 kujitokeza. Kwa hiyo uzima wake wa leo si ushahidi. Narudia: maziwa ni chakula kizuri, kunyweni, lakini hayasafishi mapafu. Na mkandarasi anayegawa maziwa badala ya barakoa hajawakinga na chochote.

Basi nifanye nini?
Maji. Lowesha kigae unapokata, lowesha sakafu kabla ya kufagia. Vaa barakoa ya N95, ile inayochuja vumbi laini, na ibane uso vizuri. Kitambaa cha shati kinapitisha vumbi laini. Paa la asbesto usilivunje wala kulikata, waachie waliofunzwa kuliondoa. Ovaroli usiende nayo nyumbani, maana mkeo akiikung'uta na yeye anavuta. Sigara acha, tafadhali. Mtu aliyevuta asbesto na sigara pia, hatari yake ya saratani ya mapafu inapanda mno.

Niende hospitali lini?
Ukikohoa wiki mbili, nenda. Ukikohoa damu, nenda siku hiyo hiyo, usisubiri malipo ya Jumamosi. Kukonda bila sababu, kifua kuuma, pumzi kukata unapopanda jukwaa: nenda.

Nilipimwa TB (kifua kikuu), hakuna kitu. Si nimepona?
Hujapona, umeambiwa tu kwamba kipimo hakikuona TB. Kama bado unakohoa, rudi. (Silika hurahisisha TB kukupata pia, kwa hiyo kupimwa tena si kupoteza muda.) Anza na kazi yako kabla ya kikohozi: "Mimi nakata vigae, mwaka wa 12 huu." Kisha ulizia picha ya kifua. Yule fundi wa maziwa alikuwa amehudhuria zahanati mara tatu, na kwenye kadi yake hapakuwa na mstari hata mmoja unaosema anafanya kazi gani.