Je, wajua kwa nini sabuni ya harufu ya keki inageuka kahawia?

Ukitia mafuta ya harufu ya bekari kwenye sabuni ya kostiki (ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni), yale yanayoitwa keki ya vanila au biskuti za siagi, siku ya kuikata inakuwa nyeupe kama posho, yaani ugali, wiki mbili baadaye iko rangi ya chai ya maziwa, na inaweza kuishia kabisa kwenye chokoleti. Mimi ilinikuta nikiwa ndo naanza kutengeneza hapa Kampala. Jirani aliiona siku nimekata akaagiza vipande vitatu, nikamwambia asubiri wiki nne ikomae, alivyorudi akakishika kimoja akakigeuza geuza: "Nyabo, mimi niliagiza nyeupe, hii imeoza." Nikainusa, bekari tupu! Nikakata kipande katikati, nje kahawia, ndani bado kuna weupe, yaani kama mkate na ganda lake.

Haijaoza. Ni vanilini hiyo, kile kitu kinachoipa vanila harufu yake, na karibu kila mafuta ya bekari yanayo maana bila vanila pua haikubali kwamba hiyo ni keki. Sasa vanilini ikikutana na hewa inabadilika rangi, na ndani ya sabuni inabadilika haraka zaidi kwa sababu ya ule ukali wa kostiki, sabuni hata ikikomaa bado ina ualkali. Fikiria matoke, ukimenya ukayaacha hewani yanaanza kuwa meusi, ndo maana mama anayatumbukiza kwenye maji. Kwenye sabuni nako kahawia inaanzia nje hewa inakogusa halafu inaingia ndani polepole, na mwanga wa jua unaiharakisha. Mshumaa nao unageuka manjano, ila kidogo.

Kinachonichekesha ni kwamba vanila inalimwa hapa hapa kwetu, Mukono, Kasese, Bundibugyo, watu wanalala shambani kulinda maganda yasiibiwe, halafu sisi tunanunua chupa ambayo vanilini yake ni ya kiwandani. Wajerumani wawili, Tiemann na Haarmann, waliitengeneza mwaka 1874 kutokana na kitu kinachopatikana kwenye msonobari, na leo vanilini nyingi inayotumika duniani haijawahi kuona shamba la vanila. Ya shambani ni ghali mno, na hata ukiitia hiyo, sabuni itageuka tu.

Kuna wanaojaribu kukwepa kwa kutia esensi ya keki ya dukani, ile ya jikoni. Usijisumbue. Harufu inapotea, na kwenye mshumaa ndo mbaya zaidi maana ile ina maji na spiriti, haichanganyiki na nta, inazama chini na utambi unaanza kuruka cheche.

Kabla hujalipa muulize muuzaji vanilini ni asilimia ngapi, wauzaji wazuri huwa wanaandika. Ikiwa sifuri sabuni kwa kawaida inabaki nyeupe, ikiwa juu ya 10 we jiandae tu kwa chokoleti. Kuzidisha mafuta ya harufu hakusaidii, mimi kwa kilo moja ya mafuta ya kupikia sabuni natia gramu 30 basi, na yenye mdalasini au karafuu natia chini ya hapo kwa sababu yanawasha ngozi na pia yanaigandisha sabuni ghafla ukiwa bado unakoroga, unabaki na uji mzito kwenye ndoo. Kugawa sufuria mara mbili, nusu yenye harufu na nusu bila, kunapendeza mwanzoni, halafu ile kahawia inahamia polepole upande mweupe.

Siku hizi natia unga wa kakao tangu mwanzo, naiuza kama sabuni ya chokoleti na hakuna anayeuliza. Isipokuwa yule jirani, bado anataka nyeupe, huyo nampa ya mchaichai.