Koyote ameshakufa, mzoga unapelekwa wapi?

Mjomba wangu wa Kondoa aliniuliza kwenye simu swali ambalo wateja wangu hapa Idaho huwa hawaniulizi: "Sasa mkishawaua hao bweha wenu, mnawatupa wapi?" Kwake jibu ni fisi. Mzoga ukilala nje usiku mmoja, asubuhi unakuta nyasi zilizolala na alama ya damu, basi. Nilimwambia huku hatuna fisi. Akacheka, akasema, "Kumbe kazi mmeiacha nusu."

Hakukosea sana. Mimi ni daktari wa mifugo, nashauri wafugaji wa kondoo kusini mwa Idaho, magharibi mwa Marekani. Koyote ni ndugu wa karibu wa bweha ila amemzidi mwili, kilo 10 hadi 20 hivi, na majira ya kuzaa kondoo anajua zizi lilipo kuliko hata mchungaji. Sheria ya Idaho inamweka kwenye kundi la wanyama waharibifu: anawindwa mwaka mzima bila idadi maalumu. Nchi nzima, idara ya serikali kuu inayoshughulika na wanyama wasumbufu pekee imekuwa ikiua takriban 60,000 kwa mwaka, kuachilia mbali wanaouawa na wafugaji na wawindaji. Kama kuua kwa wingi namna hii kunasaidia kweli ni ugomvi mwingine, na maoni yangu yangenipunguzia wateja. Leo tuzungumzie mizoga.

Kabla ya kuuliza utautupa wapi, uliza kilichomwua ni nini.

Hapa Kiswahili kimetutangulia. Tunasema risasi kwa kitu kinachotoka kwenye bunduki, na risasi kwa madini yenyewe, yale mazito ya kijivu. Neno moja. Lakini siku hizi zipo risasi za shaba, na tofauti ya hizo mbili ndiyo inayoamua kama mzoga unaweza kuachwa porini. Risasi zinazopendwa kwa koyote mara nyingi ni za yale madini ya kijivu, zimetengenezwa zipasuke ndani ya mwili. Zinaua papo hapo, hilo ni jema. Ila niliwahi kumpiga eksirei koyote mmoja aliyepigwa begani, nikawaita wachungaji wangu wawili, Waperu, waje waone. Kwenye picha, kifua kizima kilikuwa na chembe nyeupe, kama mtu amemwaga chumvi kwenye kitambaa cheusi. Tundu la kuingilia lilikuwa dogo kuliko ukucha wa kidole changu kidogo. Mmoja wao akauliza kama hizo zote zimetoka kwenye risasi moja. Zote.

Sasa anakuja tai wa dhahabu, na huyu huanzia pale penye jeraha kwa sababu ndipo ngozi imeshafunguka. Tindikali ya tumbo lake inayeyusha madini, yanaingia kwenye damu. Chembe ya ukubwa wa punje ya mchele inaweza kumuua. Nimewahi kumshika mmoja aliyeletwa kwenye sanduku la kadibodi: kichwa kimelegea, mabawa yananing'inia, kinyesi cha kijani kimeganda mkiani, na mwilini mfupa wa kifua unachoma kama kisu. Hakufika jioni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliopima tai 1,210 kutoka majimbo 38, ulikuta karibu nusu yao wana dalili za sumu ya risasi ya muda mrefu kwenye mifupa. Na kusini mwa Boise, mji mkuu wa Idaho, kwenye magenge ya miamba ya Mto Snake, tuna hifadhi ya ndege wawindaji iliyotengwa mwaka 1993, ambako mamia ya jozi hutaga kila mwaka. Kuacha koyote mwenye risasi iliyopasuka karibu na pale ni sawa na kutega sumu, hata kama hukukusudia.

Wala si mara ya kwanza. Mwaka 1971 tai walikutwa wamekufa Wyoming baada ya kula mizoga iliyotiwa thaliamu kwa ajili ya koyote. Februari 1972 Rais Nixon alipiga marufuku sumu za namna hiyo kwenye ardhi ya serikali kuu. Msomaji wa Kenya au Tanzania hahitaji maelezo marefu hapa: mfugaji anapaka mzoga wa ng'ombe dawa ya wadudu ili amkomoe simba, na asubuhi tumbusi wamelala wamezunguka mzoga.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii. Koyote aliyepigwa kwa risasi ya shaba, mbali na barabara, maji na nyumba, mwache. Kunguru, tai na wadudu watamaliza kazi, na hapo mjomba wangu angeridhika. Nasema mbali na barabara kwa sababu tai aliyeshiba ni mzito kuruka, na lori halimsubiri. Aliyepigwa kwa risasi ya yale madini mazito ya kijivu, mwondoe. Akikushinda, kata sehemu yote ya jeraha kwa upana, uifukie, ubaki umeacha nyama safi. Aliyeuawa kwa sindano ya pentobabitali, dawa ya kumlaza mnyama asiamke tena, hana mjadala: achomwe kwenye tanuru au afukiwe chini kabisa siku hiyo hiyo. Ile dawa haiozi pamoja na nyama. Inakaa miezi, na mbwa wako mwenyewe anaweza kuwa wa kwanza kuifukua.

Kuhusu mikono yako. Mwili ukianza kupoa viroboto huhama, wanatafuta chenye joto, na chenye joto ni wewe uliyeinama. Na tauni, inayobebwa na viroboto, bado ipo huku. Mwaka 2015 ilipatikana kwa kindi wa ardhini kusini mwa Boise. Wenzangu wa Lushoto walioishi na ugonjwa ule tangu 1980 hawatanicheka nikisema navaa glavu na mikono mirefu, nafunga mzoga kwenye mfuko mzito kwanza, napuliza dawa ya viroboto, ndipo nabeba. Koyote mwenye upele, yule aliyenyonyoka manyoya akabaki na ngozi nene ya kijivu, hata mbwa wa zizi wasimnuse. Utitiri wake huishi siku kadhaa baada ya mwenyewe kufa.

Kisha kuna minyoo. Wafanyakazi wa afya waliopita Turkana wanajua vile vifuko vya maji vinavyokua kwenye ini la mtu, vikafikia ukubwa wa mpira. Turkana ilikuwa na viwango vya juu kuliko karibu popote duniani, na mbwa ndio waliokuwa wakisambaza mayai. Koyote na mbwa-mwitu wa huku wanaweza kubeba minyoo ya jamii hiyo. Mayai yapo kwenye utumbo na kinyesi, na friza ya nyumbani haiyaui. Ukichuna, usipasue utumbo, na usivute sigara ukiwa na glavu zile zile. Nimeona mtu akifanya hivyo.

Ngozi? Nitapita haraka. Manyoya mazuri ni ya Desemba na Januari, ilhali kondoo wengi wanalindwa kuelekea majira ya kuchipua, manyoya yameshaanza kupukutika. Na tangu kampuni ya makoti ya Canada Goose ilipotangaza mwaka 2021 kwamba inaacha manyoya, soko la kupambia kofia limepoa. Kijana mmoja Mkongomani wa Twin Falls aliniuliza kama nyama inaliwa. Nikamwambia, mdogo wangu, ikiiva kabisa haitakuua, lakini huyu anakula panya na mizoga na anaweza kubeba minyoo ya trikinela, nunua mbuzi.

Kinachobaki ni shimo, dampo au mboji. Dampo uliza kwanza, mengine hayapokei. Shimo nataka udongo wa mita moja juu ya mzoga, mbali na kisima. Tatizo ni kwamba Januari ardhi ya huku ni jiwe, sururu inaruka. Ndiyo maana napenda mboji. Tandaza vipande vya mbao sentimita 60, laza mzoga katikati, mwagia maji mpaka vipande viwe na unyevu bila kuchuruzika, funika kwa sentimita 60 nyingine, zungushia wavu. Ndani ya siku chache joto linapita nyuzi 55, hata theluji ikiwa juu. Ukinusa harufu, umefunika kidogo, ongeza mbao.

Rundo hilo hilo lipokee na kondoo waliokufa, na hili ndilo naligombania kila mwaka. Mfugaji ananiita kulalamika kuhusu koyote, nafika, nyuma ya zizi kuna lundo la kondoo waliokufa tangu Februari, liko wazi, kila koyote wa bonde analijua. Mmoja alikubali kujenga rundo baada ya kubishana misimu miwili. Tulilifungua mwezi wa tisa: udongo mweusi, mifupa inayovunjika kwa vidole, na fuvu moja la koyote lenye meno yote. Alilichukua akaliweka kwenye dashibodi ya gari lake.